Mto Mara kugeuka mweusi 2022: tulicheka "kinyesi cha ng'ombe", hebu leo tuongee kuhusu oksijeni

#1 MwanaKirumi

Wakuu, salaam.

Mada hii ilishageuzwa kichekesho kitambo, ndiyo maana nimekuwa nikiiahirisha. Mnakumbuka Machi 2022: maji ya Mto Mara yakawa meusi, yakatanda utando kama wa mafuta, yakanuka, na samaki wakaanza kuelea maeneo ya Daraja la Kirumi. Kidole cha kwanza kilielekezwa mgodi wa dhahabu wa Nyamongo. Na watu walikuwa na sababu, kwa sababu mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi hadi Mto Tigithe, unaoingia Mara. Ukishaumwa na nyoka, unyasi ukikugusa unaruka.

Ikaundwa kamati chini ya Prof. Samuel Manyele. Ikaja na jibu: kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ikaangua kicheko. Ng'ombe wamekuwepo tangu enzi za mababu, leo ndio waue samaki?

Naweka msimamo wangu mapema ili tusipotezeane muda. Sisemi kamati ilipatia kila kitu. Ninachosema ni kwamba tulicheka sehemu ya maelezo ambayo haikuwa ya kuchekesha. Mtu anayemwaga dumu la sumu mtoni anaeleweka haraka. Mto unaokufa kwa sababu umelishwa kupita kiasi ni mgumu kuueleza, na hakuna wa kumkamata.

Twende taratibu. Samaki anavuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji hayabebi nyingi. Maji ya nyuzi 25, hata yakiwa safi kabisa, yanabeba miligramu 8 hivi kwa lita. Kwetu huku, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni pungufu ya hapo. Ikishuka chini ya 2 au 3, samaki wengi wako taabani. Sasa mwaga majini kitu chochote kinachooza: kinyesi, majani, mafunjo yaliyokufa, damu ya machinjio, hata unga. Bakteria wanakishambulia, wanaongezeka, na wote wanavuta oksijeni ileile ya samaki. Kitu kikiwa kingi na maji yakawa yanakwenda polepole, hesabu inafika sifuri. Hakuna sumu hata tone moja iliyoingia hapo.

Na tunao ushahidi kutoka mto huuhuu. Upande wa Kenya, ndani ya Maasai Mara, kuna viboko zaidi ya 4,000. Usiku wanakula nyasi nchi kavu, mchana wanashinda kwenye madimbwi wakiachia kila kitu humo. Kiangazi maji yakipungua, lile tope la kinyesi linajikusanya chini na oksijeni pale inaisha. Mvua ikinyesha ghafla huko juu, mkondo unazoa tope lote kwa pamoja na kulisukuma chini, na samaki wanakufa kwa mkupuo. Watafiti Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walipima jambo hili kwa miaka kadhaa, wakachapisha mwaka 2018. Hakuna mgodi kwenye hadithi hiyo, na ng'ombe sio wahusika wakuu. Ni viboko na mvua.

Kwa hiyo mtu akiniambia kinyesi hakiwezi kuua samaki wa Mto Mara, ninamjibu kwamba kimeshawaua, mara nyingi, na imepimwa.

Karibuni tujadili. Matusi wekeni pembeni.

#2 Mkurya_Halisi

Mkuu umeandika vizuri ila hujajibu swali ambalo kila mtu aliuliza. Ng'ombe walikuwepo 1980, walikuwepo 2000. Viboko nao walikuwepo. Kwa nini Machi 2022, na kwa nini Kirumi huku chini na sio huko Masai Mara?

#3 BintiNyanza

Naweka kambi hapa. Mada kama hizi ndizo tunazozitaka, si kila siku nani kaachana na nani.

#4 MwanaKirumi

Mkurya_Halisi, swali lako ndilo swali lenyewe hasa.

Anza na umbo la mto. Mara unaanzia msitu wa Mau kule Kenya, unatiririka kama kilomita 395, unapita Maasai Mara na Serengeti, halafu kabla ya kuingia ziwani karibu na Musoma unalala. Hapo ndipo kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo. Maji yanatambaa tu. Kinamasi hicho kimetanuka sana tangu miaka ya 1970, kwa sababu udongo unaosombwa kutoka juu unatulia pale. Kirumi iko mwisho wa kinamasi hicho.

Ongeza ziwa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango cha kihistoria, mnakumbuka mialo na nyumba zilivyozama. Ziwa likipanda, maji yanarudi nyuma kwenye mdomo wa mto, na mimea na malisho yaliyokuwa nchi kavu yanalala majini na kuoza. Mifugo nayo inafuata majani ya kinamasini wakati wa kiangazi. Kisha mvua za kwanza za masika zinazoa vyote.

Kwa hiyo hoja ya "ng'ombe walikuwepo" inasahau kwamba ng'ombe ni mmoja tu kati ya wachangiaji, na kwamba mahali na wakati ndivyo vinavyoamua. Mzigo uleule ukiuweka kwenye mto unaokimbia, unapita. Ukiuweka kwenye maji yaliyolala, siku ya joto, baada ya kiangazi, unaua.

Je, ndivyo ilivyokuwa 2022 kwa uhakika wa asilimia mia? Hilo linathibitishwa kwa vipimo vilivyochukuliwa mfululizo kabla, wakati na baada ya tukio, pointi nyingi za mto, na wananchi wakaonyeshwa. Kilichofika mtaani kilikuwa sentensi moja. Hapo lawama ni ya wanaotakiwa kuelimisha, sio ya Mkurya aliyecheka.

#5 FundiMaji

Nimefanya kazi kwenye mitambo ya maji miaka mingi, naongezea vitu viwili mtu yeyote anaweza kuvifanya bila maabara.

Kwanza ule utando wa mafuta. Chukua kijiti, uchome katikati. Ukipasuka vipande vipande kama kioo na visirudi kuungana, hiyo ni kazi ya bakteria wa chuma na mimea iliyooza. Ukizunguka kijiti na kujifunga tena nyuma yake, hapo ni mafuta kweli, tafuta nani kamwaga dizeli.

Pili angalia nani kafa. Oksijeni ikiisha, samaki wanaonekana alfajiri wakihema juu ya maji, wakubwa wanatangulia kufa, na sangara ni wa kwanza maana hana uvumilivu kabisa. Sato anajikongoja. Kambale na kamongo wanabaki hai kwa sababu wanavuta hewa ya juu. Ukikuta hata kamongo kafa pamoja na vyura na wadudu wa majini, hapo na mimi nitaanza kuuliza habari za sumu.

Hii sio hukumu ya mahakama, ni dalili za kukuelekeza upime nini.

#6 Mzee_wa_Mwalo

FundiMaji hapo kwa kamongo umesema kweli tupu. Sisi wavuvi tunajua siku ambayo maji "yamechafuka pumzi" kwa kuangalia nani anakuja juu.

Lakini mbona mnaongelea mto tu? Njooni ziwani. Siku hizi miezi fulani ghuba inakuwa kijani kama imemwagiwa rangi, nyavu zinatoka na utelezi wa kijani, ngozi inawasha. Wakati naanza uvuvi tulikuwa tunakunywa maji ya ziwa kutoka kwenye mtumbwi. Leo nani atathubutu?

#7 MwanaKirumi

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ndiyo sura ya pili ya jambo lilelile.

Kinyesi kikishaoza mtoni hakipotei. Kinaacha mbolea: naitrojeni na fosforasi. Mbolea ya shambani iliyosombwa na mvua inaacha hivyohivyo, maji ya choo hivyohivyo. Hata nyumbu. Kila mwaka wastani wa nyumbu 6,250 wanakufa maji wakivuka Mara, ni kama tani 1,100 za mizoga, na mifupa yao inachukua takriban miaka 7 kuoza huku ikitoa fosforasi polepole. Nyumbu ni wa asili na mto umewazoea. Nawataja ili muone mto unavyobeba rutuba bila mtu yeyote kumwaga kemikali.

Vyote vinaishia ziwani, na ziwa halina haraka ya kuvitoa. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Jinja. Maji mengi yanayoingia Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi yanayotoka yanatoka kwa jua kuyakausha. Jua linachukua maji, fosforasi inabaki.

Mwani ukipata fosforasi unachanua. Wanasayansi walichimba tope la chini ya ziwa na kulisoma tabaka kwa tabaka: mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na watu na mashamba kuongezeka kandokando. Kufikia miaka ya 1960 maji ya kina yakaanza kukosa oksijeni. Na aina ikabadilika. Zamani walitawala dayatomu, mwani wenye ganda la silika ambao ni chakula kizuri. Sasa wametawala sianobakteria, ndio hao wa kijani wanaoelea. Wengine kati yao wana ujanja wa kuchukua naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani, kwa hiyo ukishawapa fosforasi hawakuombi kitu kingine.

#8 Mkurya_Halisi

Kwa hiyo sasa mkulima wa Tarime mwenye mfuko mmoja wa mbolea ya DAP ndiye kaharibu Ziwa Victoria? Nilijua tu itaishia kwa mnyonge.

#9 BintiNyanza

😂😂 Mkurya hataki kuonewa leo.

Ila serious, hata mimi nina wasiwasi na hoja ya mbolea. Wakulima wetu wanatumia mbolea kidogo mno ukilinganisha na Ulaya.

#10 MwanaKirumi

Mko sahihi wote wawili, na hili wengi wanalikosea kwa kunakili mifano ya nje. Ulaya na Marekani mkosaji mkubwa ni mbolea ya dukani. Kwetu, fosforasi inasafiri imeshikamana na udongo. Ukikata mti mlimani, ukalima mteremko bila makinga maji, ukalisha hadi majani yakaisha, mvua moja inachukua udongo na fosforasi iliyokuwemo tangu uumbaji. Tazameni Kagera, Simiyu, Nyando wakati wa masika, mito inaingia ziwani rangi ya matofali.

Na kuna njia nyingine ambayo kila nikiitaja watu wananiona nimerukwa: angani. Utafiti wa Rashid Tamatamah na wenzake, uliochapishwa 2005, ulikadiria kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria inashuka kutoka hewani, kwa vumbi na mvua. Udongo mtupu unaopeperushwa, na moshi wa kuchoma mapori na mashamba. Ile tabia ya kuwasha moto nyasi kila kiangazi ili yaote mapya, majivu yake hayaishii hapo.

Kwa hiyo hapana, sio mfuko wako wa DAP. Ni moto, mteremko uliolimwa, na miji isiyo na mfumo wa majitaka. Mirongo pale Mwanza unapita katikati ya jiji na kuingia ziwani na kila ulichokizoa. Kampala, mfereji wa Nakivubo unapeleka uchafu wa jiji kwenye ghuba ya Murchison, ghuba ileile ambako mitambo ya Ggaba inavuta maji ya kunywa. Kisumu, Ghuba ya Winam imejifungia karibu yote, maji yake hayabadilishani vizuri na ziwa kuu, ndiyo maana kijani kule kinatisha zaidi.

#11 Jaluo_Mpole

Niko Homa Bay, nathibitisha. Hapa kuna misimu mtu anapiga picha ziwa unadhani ni uwanja wa mpira. Halafu juu yake gugu maji nayo. Mwaka 1998 ilikuwa imefunika karibu hekta 20,000 za ziwa lote, boti hazitoki. Walileta wale wadudu wa Neochetina wakaila, lakini inarudi kila mara. Na itarudi tu, mbolea bado imo majini.

Mwishoni mwa 2022 wenzetu wa vizimba vya kufugia samaki upande wa Kisumu walipoteza samaki kwa wingi. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walisema ni oksijeni: maji ya chini yasiyo na hewa yalipanda juu. Nyinyi Tanzania mmeanza vizimba kwa nguvu, muwe macho. Kizimba chenyewe pia kinamwaga chakula na kinyesi chini yake. Ukiviweka vingi kwenye ghuba ya kina kifupi unajichimbia.

#12 Mzee_wa_Mwalo

Jaluo_Mpole hilo la maji ya chini kupanda tunalijua. Upepo wa kusi, Juni hadi Agosti, unavuruga ziwa. Unakuta sangara wamekufa mwaloni wenyewe bila jeraha. Vijana wanasema mtu kaweka sumu. Wako wanaovua kwa sumu, ndiyo, lakini sio kila mara.

Mwanangu MwanaKirumi, vizimba mimi siviungi mkono mpaka wapime kina kwanza. Nimeona vingine viko mahali hata mtoto anasimama.

#13 Mbongo_Ohio

Nawasoma kutoka Ohio, nimecheka kidogo maana huku nako ni hivyohivyo tu, ila wana pesa.

Agosti 2014 mji wa Toledo ulitangaza watu takriban laki nne na zaidi wasinywe maji ya bomba, siku mbili tatu. Sababu ilikuwa mwani wa kijani wa Ziwa Erie, pale Mto Maumee unapoingilia. Sumu yake inaitwa maikrosistini, inashambulia ini. Na tangazo lilisema wazi: MSICHEMSHE. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani sumu inazidi kuwa nzito.

Jambo la kujifunza huku ni kwamba walishawahi kuliponya ziwa. Mwaka 1972 Marekani na Kanada walisaini makubaliano, wakabana fosforasi ya sabuni na majitaka, Erie ikasafika. Katikati ya miaka ya 1990 kijani kikaanza kurudi, safari hii kwa fosforasi iliyoyeyuka kutoka mashamba ya mahindi na soya. Kubana bomba la kiwanda ilikuwa rahisi. Kuwabana maelfu ya wakulima kila mmoja na shamba lake, mpaka leo wanahangaika.

#14 BintiNyanza

Subiri kwanza. Kuchemsha hakusaidii?? Nusu ya watu wa visiwani wanachota ziwani na kuchemsha, na ndivyo tulivyofundishwa. FundiMaji njoo hapa tafadhali.

#15 FundiMaji

Dada, kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo watu wasiache. Ila sumu ya mwani haiondoki kwa moto. Tena chembe ya mwani ikiwa nzima, sumu nyingi imo ndani yake. Ukiichemsha au ukiitia klorini inapasuka na kuimwaga yote kwenye maji. Kwa hiyo mpangilio ndio muhimu: ondoa mwani kwanza ukiwa mzima, ndipo uue vijidudu.

Kwa mtu wa kisiwani: usichote pale upepo ulipokusanya utando wa kijani, hata kama ndiyo karibu na nyumbani. Nenda upande upepo unakotoka, ingia na mtumbwi mbali na ufukwe, chota chini ya uso wa maji. Bora zaidi chimba kisima kifupi mchangani, mita kadhaa kutoka ukingoni, mchanga uchuje. Kuchuja kwa kitambaa kunatoa mabonge tu. Ziwa likiwa kijani kabisa, kinga maji ya mvua. Na mifugo isinywe pale, ng'ombe anakufa kwa hayo maji.

Shirika la Afya Duniani linataka maikrosistini isizidi mikrogramu 1 kwa lita kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote. Mitambo ya mjini inaweza kufika hapo ikiwa na machujio mazuri na mkaa maalumu. Ndoo ya nyumbani haiwezi kukuhakikishia.

#16 Mkurya_Halisi

Sawa nimeelewa, na hili la maji ya kunywa linanitisha kuliko samaki. Sasa tufanyeje? Maana sheria ya kuacha mita 60 bila shughuli kandokando ya mto na ziwa ipo tangu 2004 na watu wanalima mpaka vidole vinagusa maji.

#17 MwanaKirumi

Kifungu cha 57, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Ipo, na kwa maoni yangu imetumika zaidi kama fimbo ya kuvunjia vibanda kuliko kama kinga ya mto. Mita 60 za mafunjo na nyasi ndefu zinashika udongo na fosforasi vizuri. Lakini huwezi kumwambia mtu aache ekari yake ya bondeni, yenye unyevu kuliko zote, bila kumpa kitu. Mnyweshee ng'ombe wake kwa birika na lambo nje ya mto, basi nusu ya ugomvi umekwisha. Josho na mabirika ni rahisi kuliko kamati.

Kingine ambacho ningekipigania ni kipimo. Kihisi cha oksijeni kifungwe Daraja la Kirumi, kisome kila dakika 15, takwimu zionekane kwa kila mtu. Machi 2022 tungekuwa nacho, tungejua oksijeni ilianza kushuka saa ngapi, kabla au baada ya mvua ya juu, na kama ilishuka kweli. Mgodi ungejisafisha au ungenaswa kwa namba. Ng'ombe hivyohivyo.

#18 Mkurya_Halisi

Kihisi pale Kirumi? Mkuu, wiki moja tu kiko mpakani Sirari kinauzwa kama redio.

#19 Mzee_wa_Mwalo

😂 Kabidhini BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo. Kikiibiwa, wavuvi ndio watakaokitafuta, maana samaki ni wao.

#20 FundiMaji

Sanduku la betri linafungwa juu kwenye chuma cha daraja, kinachoshuka majini ni waya na kihisi tu. Shida kubwa itakuwa kukisugua, kinaota utelezi ndani ya wiki mbili na kuanza kudanganya. Mzee_wa_Mwalo, kama una kijana wa BMU mwaminifu anayeishi pale jirani, nicheki PM nimfundishe namna ya kukisafisha.